Upande wa Kulia wa Fisi

Jana mchana, saa ambayo wenzangu walikuwa wameshuka kula, niliinamisha kichwa mezani kwa dakika moja tu, nikaota.

Kazi yangu ni kutengeneza kwa kompyuta vitu ambavyo watu wa filamu hawakuweza kuvileta mbele ya kamera. Wiki tatu hizi nimekuwa nikitengeneza fisi anayekatiza katikati ya harusi. Mama mkwe wangu huwaambia watu kwamba natengeneza kompyuta, nao huniletea za kwao zilizoharibika, nami nazipokea na kuzitazama kwa uso wa mtu anayejua.

Katika ndoto, fisi alitoa pua kwenye skrini, akafuatisha mguu, akakanyaga kibodi, akashuka sakafuni. Akasimama kando ya kiti changu, ubavu wake wa kushoto ukinielekea.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Nilifurahi, kwa sababu ofisini kwetu hakuna anayeniamkia.

Nikamuuliza jina. Akasema anaitwa Fisi Mwisho Kabisa Mwisho wa Kweli Namba Saba. Ndivyo nilivyoliita faili lake. Nikamfahamisha kwamba sita waliomtangulia nao walikuwa wa mwisho. Akasema anawafahamu, ni kaka zake, na kwamba hawataki kuniona.

Kisha akanieleza shida yake bila haraka, kama mtu aliyefika kwenye dirisha la ofisi ya kata. Kwenye filamu anapita mara moja tu, kutoka kulia kwenda kushoto, na kamera inauona ubavu wake wa kushoto basi. Kwa hiyo wa kulia sikuutengeneza. Nikamweleza, kwa ile sauti ninayotumia kwa wateja, kwamba huo si uvivu bali ndiyo taaluma yenyewe: kisichoonekana hakitengenezwi.

"Naelewa," akasema. "Lakini siwezi kurudi nyumbani. Nikigeuka, sipo."

Akageuka ili nione. Kweli, hakuwepo. Niliona friji ya ofisi na chupa ya maji ya Bi Eliwaza, bosi wetu. Akageuka tena, akawepo.

"Na leo naenda kuposa," akaongeza. "Wakwe watanizunguka."

Nikakumbuka siku niliyokwenda kuposa mimi, jinsi mashangazi walivyonitazama mgongoni kwa muda mrefu kuliko usoni, nikajua kwamba hali ni mbaya. Akaniomba niende naye, nikawe upande wake wa kulia. Nikasema nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema kumtengeneza yeye. Kisha nikavaa viatu.

Tunafungua mlango wa ofisi, na badala ya kukuta ngazi tunaingia sebuleni. Ni sebule ya wakwe zangu kule Same, na vile vitambaa vya kufuma juu ya makochi vipo vyote, ila waliokaa kwenye makochi ni fisi. Naingia kwa mikono na magoti, nimejibana ubavu wa kulia wa fisi, huyu mwanangu.

Hapo natambua jambo la aibu: tunatembea sawasawa kabisa. Tunayumba pamoja, tunaburuza mguu uleule. Ili kuupata mwendo wake nilijirekodi kwa simu nikitambaa uani kwangu, na mimi nina mgongo mbovu, matunda ya miaka kumi na moja ya kukaa kwenye kiti. Nilimrithisha mgongo huo mnyama asiyewahi kukalia hata kigoda. Mama mkwe aliniona siku ile kupitia dirisha la jikoni, nikitambaa na kuunguruma. Alirudi kwao siku mbili kabla ya tarehe aliyokuwa ameipanga.

Bibi yake binti anayeposwa, fisi mzee aliyefunga kanga kiunoni, anaanza kutuzunguka. Anapita mbele, anapita kushoto, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Anafika kwangu, anasimama.

"Upande huu umevaa miwani," anasema.

"Ndio unaosoma," anajibu mwanangu.

"Mbona unatoka jasho?"

"Haujazoea watu."

Bibi hakuridhika. Akauliza mimi ni nani hasa, na mwanangu, ambaye sikumfundisha uongo kwa sababu sikumfundisha kitu chochote, akasema kwamba mimi ndimi baba yake, niliyemtengeneza. Bibi akaniuliza kwa adabu, kama ndimi baba, kwa nini nilimtengeneza mtoto nusu.

Majibu nilikuwa nayo. Nikasema muda haukutosha, kompyuta ni nzito, mkurugenzi wa filamu alisema fisi apite haraka, na kamera haikuzunguka. Niliyapanga vizuri, nikayatoa moja moja nikiwa bado nimepiga magoti. Fisi walinisikiliza kwa heshima. Wawili wakawa wanaandika. Nilipomaliza, bibi akanisogelea.

"Kwa hiyo ulidhani hakuna atakayetaka kumwona mzima," akasema.

Nilimtazama binti, aliyekuwa ameketi pembeni karibu na kabati la vyombo. Alikuwa ameinama kama inavyotakiwa, ila jicho moja lilikuwa kwa mwanangu, na lilikuwa limeridhika na nusu ileile niliyoitengeneza mimi. Nikaona aibu, aibu halisi, ya kutosha kumwamsha mtu, lakini sikuamka.

Nikasema basi achukue ubavu wangu. Sikujua nilichokuwa nasema, wala sina ubavu wa kutamaniwa na mtu. Bibi akauliza kama nina hakika. Nikamtahadharisha kwamba unakuja na mgongo mbovu.

"Huo tumeshauona," akasema. "Amekwisha kuurithi."

Akanigusa bega la kulia kwa pua yake ya baridi, akavuta. Haikuuma. Ilikuwa kama kuvuliwa shati na mtu mwenye haraka. Mwanangu akageuka polepole katikati ya sebule, mzunguko mzima, na katika mzunguko wote alikuwepo. Binti akainua uso. Wanawake wakapiga vigelegele, ambavyo kwa fisi havitofautiani sana na kicheko, na ndivyo vilivyoniamsha.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na shavuni nilikuwa nimechapwa herufi za kibodi. Bi Eliwaza alikuwa amesimama nyuma yangu, akitazama skrini. Fisi alikuwepo, ila alikuwa ameelekea kulia, kama mtu anayerudi kwao.

"Nani kakwambia utengeneze upande huu?" akauliza. "Hautaonekana."

"Wakwe zake," nikasema.

Akanitazama kidogo, akaniambia nikanawe uso.

Alipoondoka nikamkuza yule fisi mpaka bega likajaa skrini. Manyoya yalikuwa yamelala vizuri, vizuri kuliko ninavyojua kuyalaza. Mahali pamoja tu hayakuota. Palikuwa na kiduara kidogo cha ngozi iliyokunjamana, saizi ya kifungo cha shati: kovu la chanjo, lile tulilowekwa bega la kulia tukiwa wachanga.

Nikapandisha mkono wa shati langu, nikapapasa. Bega lilikuwa laini tupu, kama la mtoto ambaye bado hajapelekwa kliniki.