Mita Mbili Zilizobaki

Stoo ya ofisi ya upimaji wa ardhi ilikuwa inasafishwa, na kusafishwa kwenyewe ni kule kwa maofisini: mkubwa kapita, kapiga chafya mara mbili, kaamuru kila kilichozidi miaka kumi kitupwe. Kazi ikamwangukia Bibi Mawe. Nani mwingine? Yuko hapo miaka ishirini na saba, mtaalamu wa miamba, na hilo jina la Bibi Mawe alipewa na vijana wa ofisini kwa utani, mpaka hata mkubwa akasahau lile la kwenye faili. Akajifunga kitambaa kichwani, akaingia.

Mle ndani kulikuwa na masanduku ya mbao, marefu na membamba, kila moja limejaa miche ya mawe. Keekee ya kupimia ardhi ina mdomo wa duara. Ikitoboa haikuletei unga, inakuletea jiwe lenyewe, limekatwa mviringo, refu, kama mche wa sabuni. Unapanga miche sandukuni kwa mfuatano wake, ya juu mwanzo na ya chini mwisho, na anayejua kusoma anasoma kilichoko chini ya miguu ya watu. Bibi Mawe alijua kusoma. Ndiyo maana mpaka leo hana pa kujitetea.

Sanduku la kumi na nane lilikuwa la kiwanja cha mdogo wake. Alilifungua kwa furaha kabisa, masikini, kama mtu aliyeokota albamu ya picha za zamani. Udongo mwekundu, mita nne, umechanganyika na vipande vya mawe. Kisha mche mmoja wa jiwe, mita moja tu. Akaufuta vumbi kwa kiganja, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Halafu akaketi sakafuni, na sketi yake safi, na vumbi lote lile.

Mistari ya jiwe ilikuwa imesimama wima.

Kilima kile anakijua vizuri. Zamani hizo zisizohesabika kilikuwa tope chini ya maji, tope juu ya tope, mpaka likashindiliwa likawa jiwe. Tabaka zake zimelala moja juu ya nyingine kama mikeka iliyorundikwa. Ukizitoboa kutoka juu, mistari lazima iuzunguke mche kwa upana, kama pete kidoleni. Sasa hii iliyosimama imesimamishwa na nani? Jiwe halijigeuzi lenyewe. Limebingirika. Kwa hiyo walichokigonga siku ya kutoboa kiwanja kile hakikuwa mwamba hata kidogo. Kilikuwa bonge lililoshuka kutoka juu pamoja na nusu ya kilima, kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kusimulia, likaja kukwama katikati ya udongo. Na mteremko uliokwisha kuporomoka mara moja, ukilowa vya kutosha, huporomoka tena. Hilo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua.

Juu ya udongo huo ndipo ilipojengwa nyumba ya mdogo wake. Ndani ya nyumba hiyo, chumba cha upande wa bondeni, ndimo anamolala mama yao. Na mvua kubwa zilikuwa zimebakiza wiki tano.

Mtasema kukosea ni ubinadamu. Haya, ngojeni kwanza.

Siku ya kutoboa, miaka kumi na miwili nyuma, mdogo wake huyo, fundi friji mwenye maneno mengi kuliko spana, alikuwa amealika ukoo mzima. Mashangazi, wajomba, mashemeji, wote walikuja kumwona dada msomi anavyoipasua ardhi. Mama yao aliwekewa kiti mbele kabisa. Keekee ikanguruma weee, mita ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakaanza kupiga miayo na kutafutana kwa macho nani wa kuondoka kwanza. Ghafla ikabadili sauti, ikapiga kelele kama inayochinjwa, maji yanayotoka shimoni yakageuka kutoka mekundu yakawa meupe. Jiwe! Mama akaruka kitini akapiga kigelegele, mashangazi wakakidaka, na kilimani pote pakawa harusi.

Sasa kazi ile ina sheria moja ambayo haina mjadala. Ukigonga jiwe, husimami. Unaingia ndani yake mita tatu, kwa sababu mabonge mengi huishia njiani na mwamba wa kweli huendelea. Mwendesha mashine, mtu mzima waliyezoea kumwita Mzee Keekee, aliijua sheria hiyo kama anavyojua njia ya kwake. Walipofika mita moja ndani ya jiwe, Bibi Mawe akainua mkono.

"Bado mita mbili, bibi," Mzee Keekee akamwambia kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele za watu.

"Zima mashine."

"Bibi, hizo mbili zilizobaki ndizo..."

"Nimesema zima! Kwani huu si mwamba? Huna macho?"

Mama alikuwa amekwisha kumshika mkono, anamzungusha kwa wageni mmoja mmoja. Mnamwona huyu? Huyu ni wangu mimi. Huyu anaona mpaka chini ya ardhi. Utamwambiaje mama wa namna hiyo aketi tena asubiri saa tatu nyingine? Bibi Mawe hakuweza, na kusema kweli hakutaka, maana sifa zilikuwa zimemkolea. Jioni ofisini akajaza fomu. Palipoandikwa "kina ndani ya mwamba" akaandika mita tatu. Kalamu haikutetemeka. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote, kwamba kalamu haikutetemeka.

Jumamosi baada ya kuliona sanduku, akapanda kilimani kwa mdogo wake. Alishafika pale mara mia na hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa anakwenda kula na kucheka na watoto. Siku hiyo macho yalifunguka. Nguzo za uzio zilikuwa zimeinamia bondeni, zote, kama zimeambiwa. Nyuma ya jiko maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ardhini katikati ya kiangazi, na wifi yake kapanda mboga hapo hapo, anajisifu kwamba yeye hajui ndoo ya kumwagilia. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umepigwa randa mara mbili kwa sababu ulikuwa unagoma kufunga. Juu ya kitanda cha mama ulipita ufa wa ngazi ngazi, unaingiza kidole.

Alipaswa kusema yote pale pale. Hakusema. Alijaribu kupita pembeni, kama kawaida ya mtu mwenye lake moyoni.

"Hameni kabla ya mvua," alisema walipomaliza kula. "Ardhi ya hapa imebadilika."

Mdogo wake alicheka mpaka akaweka glasi chini. "Ardhi imebadilika! Dada, si ni wewe uliyetuambia mwamba huu una miaka milioni mia na ushee? Umekaa wee, umetulia wee, ukaja kubadilika juzi nilipomaliza kupaka rangi?"

"Kuna vipimo vipya vya kitaalamu."

"Karatasi yako ninayo. Ina mhuri, ina sahihi, ina mita tatu. Mama, tunayo au hatuna?"

"Tunayo," mama akajibu, kidevu juu. "Mwanangu hapimi ovyo ovyo."

Bora angemtukana, jamani. Bora angemmwagia chai usoni.

Akarudi mara mbili tena, kila mara na uongo mpya wa kuufukia ule wa zamani. Mara matetemeko, mara kuna barabara itakatwa hapo chini. Kila mara mdogo wake alimjibu kwa somo alilofundishwa na yeye mwenyewe, na kila mara mama alisimama upande wa karatasi. Zikabaki siku tisa. Mawingu yalianza kukaa juu ya kilima tangu asubuhi.

Safari ya nne alipiga moyo konde. Hata kiti hakukitaka.

"Mita tatu niliandika uongo," alisema. "Tulitoboa moja. Mzee Keekee alinikataza kuzima mashine, nikamfokea. Mlichopigia vigelegele ni bonge lililobingirika kutoka juu, na nyumba hii mmeijenga juu ya maporomoko ya zamani. Nilitaka sifa, basi. Sina la kuongeza."

Wifi yake akasimama, akaanza kuondoa sahani ambazo zilikuwa safi. Mdogo wake alikuwa na bisibisi mkononi, akawa anaigeuzageuza.

"Miaka kumi na miwili," alisema. "Umekuja hapa, umebeba watoto wangu, umemwaga salamu. Na mama unamwona analala mle."

"Sikujua kama ni bonge. Nimejua mwezi huu."

"Lakini mita ulijua."

"Nilijua."

"Basi usiniambie hukujua!"

Mama hakulia wala hakupandisha sauti. Alimtazama binti yake kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake, kisha akauliza jambo moja tu. "Kwa hiyo siku ile, mbele ya ukoo mzima, mimi nilikuwa nacheza nini?"

 

Wakahama. Walipata vyumba viwili nyuma ya karakana ya mdogo wake, katikati ya mafriji mabovu, watu sita wanapishana kwa ubavu. Bibi Mawe ana nyumba ya vyumba vitatu anaishi peke yake. Alikwenda kumchukua mama, kafagia, katandika, kanunua na mto mpya. Mama akamwambia, "Kwako siendi," na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo. Ofisini nako alijipeleka mwenyewe, akaweka fomu ile mezani kwa mkubwa na kueleza kila kitu. Wakamstaafisha kabla ya wakati wake. Vijana waliompa jina la utani hawakumsindikiza hata getini.

Mvua ikaja, na ilikuja kweli. Ilipiga siku kumi na moja bila kupumzika, mto ukageuka rangi ya kutu, na huko chini daraja likachukuliwa zima zima. Kila asubuhi Bibi Mawe alikwenda kusimama barabarani chini ya kilima na mwavuli wake, anatazama juu. Mteremko ulikunywa maji na kunyamaza. Hakuna hata kokoto iliyobingirika. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha, jua likatoka.

Yeye hakushangaa, na hapo ndipo palipo na uchungu wake. Ardhi haina kalenda ya mtu. Mteremko unaweza kujivuta upana wa kidole kwa mwaka, ukafanya hivyo miaka arobaini, halafu ukashuka wote mchana mmoja watu wakiwa wanakunywa chai. Alimpigia simu mdogo wake kumweleza hayo.

"Kwa hiyo lini?" mdogo wake akamkatiza.

"Haijulikani. Mwakani. Miaka thelathini. Lakini kushuka utashuka."

"Miaka thelathini! Mama anakohoa usiku kucha humu kwa harufu ya gesi na vyuma, wewe unaniambia miaka thelathini! Dada, ulisema tukae, kumbe uongo. Ukasema tutoke, na nyumba ile pale imesimama. Tukushike wapi sasa?"

Akakata simu. Jumapili walirudi kilimani na virago vyao vyote. Mdogo wake aliziba ufa kwa saruji na kuupaka rangi, akazing'oa nguzo za uzio, akazisimika upya wima.

Bibi Mawe alikwenda huko Jumatano, kwa mara nyingine, kuwaangukia. Jua lilikuwa kali, ardhi inafuka mvuke. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akagonga, akaita, akagonga tena. Dirisha la chumba cha bondeni likafunguliwa na mama akatoa kichwa, anakung'uta shuka.

"Mama, nifungulie. Nisikilize mara moja tu, kisha sitakusumbua."

"Ulisema itaanguka," mama alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani aliyekuwa anaanika nguo. "Mbona imesimama?"

"Mama..."

"Nenda mwanangu. Umenichosha. Sijui tena lipi ni lako la kweli."

Jirani aliinamisha kichwa kwenye beseni lake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Bibi Mawe alibaki pale getini, jasho linamtoka. Akainua macho akautazama mteremko ulio juu ya paa, ule udongo mwekundu ulioshiba maji, na kitu kikapanda ndani yake ambacho hakuwahi kukijua. Anguka, alisema moyoni. Anguka sasa hivi, wakuone, wajue kwamba safari hii nilisema kweli. Aliomba hivyo kwa nguvu zake zote, meno yameumana, vidole vimekamata vyuma vya geti, anautazama udongo kama utamsikia.

Na mama yake alikuwa bado dirishani, anakunja shuka.