Vyombo vya Ndung'u

Asubuhi ile Ndung'u alipokanyaga vigae vya bakuli lake mwenyewe, mkewe Gladwell hakupiga kelele. Aliweka chini sufuria ya uji, akamkalisha mumewe kitini, akamfunga mguu kwa kitambaa cha jikoni. Lilikuwa bakuli la kauri la Kichina, jeupe, lenye samaki wa buluu ndani, kuukuu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia nyumba ile. Ndung'u alivitazama vile vigae sakafuni, akauliza ni nani aliyeacha takataka njiani.

Gladwell alivifagia.

Mumewe alikuwa afisa wa mifugo hapo Kitale. Kila familia ya Wazungu wa zamani ilipouza shamba na kuondoka, yeye alikuwa mnadani. Wenzake walinunua matrekta na ng'ombe wa maziwa. Yeye alirudi na vyombo vya Kichina ambavyo wake wa masetla walikuja navyo kutoka kwao. Alijifunza polepole, kwa vitabu na kwa kudanganywa. Alikuwa akikipindua chombo, anapapasa kitako chake kwa kidole gumba, anasoma alama za buluu zilizo chini, kisha anatabasamu au anakirudisha mezani. Sebule ikajaa. Watoto walikua wakiambiwa wasiguse. Wa kupanguza vumbi alikuwa Gladwell.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukaingia, na mikono iliyokuwa na adabu kwa vyombo hivyo ikaanza kuvihamisha ovyo. Sahani aliiweka chini ya mto. Jagi alilitia kwenye ndoo ya maziwa. Binti yao, Mwihaki, alipiga simu kutoka Nakuru akashauri vyombo vifungiwe kwenye masanduku stoo. Baba akayafungua masanduku. Gladwell alizoea kulala sikio likiwa wazi, akingoja kusikia kitu kikianguka.

Baada ya mguu ule kushonwa hospitalini, Gladwell alimkumbuka Wanyonyi wa Kabuchai. Wanyonyi alikuwa afisa wa vyama vya ushirika, amestaafu, na alikuwa na wazimu uleule wa vyombo vya Kichina. Yeye na Ndung'u walikuwa marafiki na wapinzani wa minada yote. Waliwahi kununiana msimu mzima wa mahindi kwa sababu ya chupa moja ndefu ya maua, iliyochorwa matunda ya pichi, ambayo Ndung'u aliipata na hakukubali kuiachilia kwa bei yoyote.

Gladwell alifunga vyombo vyote kwa blanketi na maganda ya mahindi ampelekee Wanyonyi avitunze, akamwacha mumewe na Jerono, msichana aliyemsaidia nyumbani, akaazima pikapu ya jirani pamoja na dereva. Njia nzima, kupitia Kiminini na Chwele, aligeuka kuitazama mizigo nyuma. Kila pikapu ilipopita kwenye shimo alifumba macho.

Huko Kabuchai, Wanyonyi alimpokea kwa heshima na kuuliza hali ya mzee. Mkewe, Nabwile, alitazama nyuma ya pikapu, akamshika Gladwell mkono na kumwingiza jikoni.

"Mama Mwihaki," alisema, "mimi nimepanguza hizi vitu za huyu mzee mpaka mabega yamekataa. Na sasa wewe unaniletea zingine?"

Gladwell alitaka kuomba msamaha, lakini kicheko kikamtoka, na Nabwile naye akacheka, na vicheko vyao vikaendelea mpaka Gladwell akajikuta analia. Nabwile alimwacha alie. Akamwekea chai, akakata viazi vitamu, halafu akasema basi, zitakaa, lakini zitakaa ghalani kwenye maganda yake, na hakuna mwanamke atakayezipanguza.

Waliporudi nje walimkuta Wanyonyi ameketi kwenye ngazi za ghala. Alikuwa amefungua blanketi moja tu, na chupa yenye pichi ilikuwa mapajani mwake. Hakuipindua kuangalia chini.

"Hii kitu nimeitaka miaka yote, bana," alimwambia Gladwell. "Lakini nilitaka aninyime, mimi nimsumbue, aninyime tena. Sasa nitashindana na nani?"

Gladwell alimkabidhi blanketi la kuifungia. Alimwomba aitunze tu.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama. Alikuwa ameogopa atakachokuta: mzee akizunguka sebuleni akitafuta, pengine akilia. Ndung'u alikuwa mezani anakula ndizi. Alizitazama rafu tupu, akasema nyumba ina hewa leo. Gladwell ndiye aliyesimama mbele ya rafu zile, pale penye alama za mviringo za vitako kwenye mbao, akahisi kama mtu aliyezika bila kuita watu.

Jumamosi iliyofuata Wanyonyi alikuja Kitale, mikono mitupu. Ndung'u hakumkumbuka jina, ila alimpisha kwenye kiti kizuri, akaanza kumweleza habari za ng'ombe fulani aliyekufa zamani. Wanyonyi alisikiliza, akauliza maswali, akabisha kidogo kuhusu rangi ya ng'ombe huyo. Ndung'u akambishia naye, sauti ikipanda kwa raha. Wanyonyi alimgeukia Gladwell aliyekuwa amesimama na birika.

"Enda ulale," alimwambia. "Mimi niko."

Gladwell aliingia chumbani, akavua viatu, akalala mchana ule hadi giza lilipoingia.