Salamu Kabla ya Saa Kumi

Kompyuta ya Flavian ilikuwa na tabia za mwenye nyumba asiyependa wageni. Unabisha hodi, unajitaja jina, unatoa neno lako la siri, inakukaribisha vizuri kabisa. Ukianza tu kueleza kilichokuleta, inakutoa nje na kufunga mlango.

Cornelia alikuwa ametolewa nje mara tatu tangu saa nane na nusu mchana. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, mwaka 2004, na ule upepo wa Sumbawanga usiojali sweta ulikuwa ukipita chini ya mlango wa duka la intaneti. Pembeni yake aliweka barua ya chuo cha uhazili cha Mbeya, iliyoletwa na basi juzi ikiwa imekwisha kuchelewa. Amekubaliwa. Miaka mitatu ya darasa la jioni haikupotea. Ila athibitishe kwa barua pepe kabla ya saa kumi Ijumaa, maana, waliandika, anayetaka kujifunza uhazili asianze kwa kalamu. Na chini kabisa: mwanafunzi mwenye mtoto anayenyonya atapewa chumba, mradi ataje jina la mtu atakayekuja naye kumlea.

Jina hilo ndilo lililomkaa Cornelia kooni kama mwiba wa samaki.

Mwenye jina alikuwa kwenye benchi nyuma yake, amempakata Beda wa miezi saba aliyefungwa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kwake Mollo asubuhi kumsindikiza tu. Felisiani, mume, ndiye aliyeahidi kusema na mama yake. Jana akarudi kutoka shambani, akanawa miguu, akasema, "Unajua, mambo haya wanawake huwa mnaelewana wenyewe." Kisha akala akashiba, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Umefika wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Nimemaliza kuwasalimu walimu, mama. Nilikuwa naingia kwa wapishi."

"Na mlinzi?"

"Mlinzi bado."

"Usimruke mlinzi. Ndiye atakayekufungulia geti."

Barua ina adabu yake. Hata jirani haji kukuazima jembe kabla hajauliza umeamkaje, watoto wameamkaje, na yule aliyekuwa anakohoa anaendeleaje. Cornelia aliandika hivyo hivyo, na kidole chake kimoja kilidonoa herufi kama kuku anayetafuta ulezi kwenye majani. Kila alipokaribia kusema kilichomfanya aandike, ukurasa uligeuka mweupe, na maneno mekundu ya Kiingereza yakatokea katikati.

"Imenitoa tena!"

Flavian alisogea akiwa na kikombe cha chai. Kompyuta zake zilikuwa mbili, moja ilikufa tangu Pasaka, kwa hiyo hakuwa na mbio nyingi.

"Inasema umekaa kimya mno, dada. Muda wako umekwisha."

"Kimya? Si naandika tangu saa nane na nusu!"

"Unaandika hapa. Yenyewe kule iliko haisikii kitu mpaka utume. Dakika kumi zikipita, inajua umeondoka."

"Mtu hajaaga, itajuaje ameondoka?" alisema mama mkwe. "Hiyo haikulelewa."

"Kata salamu," alishauri Flavian.

"Kata wewe za kwenu," alimjibu mama mkwe.

Pembeni ya mama mkwe aliketi Ngeleja, mfugaji wa upande wa Muze, kofia yake pana juu ya goti. Alikuwa akingoja zamu ya kusoma habari za kaka yake aliye Shinyanga. Hakukasirika. "Mimi sasa nikipita Mbeya nalala kwa huyo mlinzi," alisema. "Tumeshajuana."

Cornelia aliandika jina lake upya. Kompyuta ikataka neno la siri. Siri yenyewe ilikuwa imebaki siri kwa kompyuta peke yake; dukani kila mtu alishaijua.

"Maharage!" alisema Ngeleja.

"Tisa!" alimalizia mama mkwe.

Ikamwingiza. Walimu, wapishi, mlinzi na familia ya mlinzi. Ikamtoa.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro robo. Flavian aliweka kikombe chini. "Dada, hii ni ya mwisho. Andika kilichokuleta tu. Ukianza kusalimu, chuo utakisikia redioni."

Kila mpishi aliyesalimiwa alikuwa amemwongezea Cornelia dakika moja ya kutomgeukia mama mkwe. Utamwambiaje mtu aache nyumba yake, maharage yake na nguruwe wake wanne, akakae miezi tisa kwenye chumba cha wanafunzi?

"Maharage!"

"Tisa!"

Akaandika: *Nakubali nafasi. Nitakuja na mwanangu Beda. Atakayemlea ni*

Kidole kikaning'inia hewani.

Ngeleja alinyoosha shingo akasoma kwa sauti, silabi moja moja. "A-ta-ka-ye-mle-a ni. Ni nani?"

"Ni nani?" aliuliza mama mkwe.

Cornelia aligeuka. "Mama, Felisiani alisema angekwambia…"

"Felisiani? Huyo hata kuumwa jino aliniambia lilipokwisha ng'oka." Alimweka Beda vizuri pajani. "Barua hii ilipita Mollo kwanza. Hellena wa jirani alinisomea yote. Nipo nyuma yako tangu saa nane na nusu, nangoja uniombe. Nikasema, zikiisha salamu atageuka. Kumbe salamu zenyewe haziishi."

"Nyingi umezileta wewe, mama!"

"Ningefanyaje? Nijitaje mwenyewe, kama mtu asiyealikwa?"

"Dakika tano zimepita," alisema Flavian.

"Sasa niombe."

Cornelia aliteremka kitini akapiga goti kwenye sakafu ya saruji. "Mama, naomba twende wote Mbeya."

"Mh. Bila salamu?"

"Mama!" Flavian alishika kichwa. "Dakika sita!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama."

"Na mwanangu Felisiani ameshindaje?"

"Yuko salama, amejificha."

"Namjua. Miezi mingapi?"

"Tisa, mama."

"Na nguruwe wangu?"

"Felisiani atawalisha."

"Na maharage?"

"Tisa!" alidakia Ngeleja kwa mazoea, na mama mkwe akacheka hadi Beda akaruka pajani.

"Dakika nane!" Flavian alikuwa anataka kulia.

"Andika Zita," alisema mama mkwe. "Herufi nne tu. Usinipotezee muda."

Cornelia alirudi kitini. Z ilikuwa imejificha wapi?

"Chini, kushoto!" benchi zima lilipiga kelele, hata Beda akapiga lake. Z. I. T. A. Akabonyeza kutuma, kisha akaondoa mikono haraka kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

Barua imekwenda, alisema Flavian. Saa kumi kasoro dakika nne. Alikwenda kumimina chai nyingine.

Cornelia alimchukua Beda akaficha uso wake shingoni mwa mwanawe. Kofia ya mtoto ililowa upande mmoja.

"Imekwenda bila salamu?" aliuliza mama mkwe.

"Bila salamu, mama."

"Hata ya mlinzi?"

"Hata yake."

"Watasema tumetoka kwa watu gani? Mlete mtoto. Kaa chini, andika ya pili, ya salamu peke yake. Na mtaje baba huyu wa Muze, amekaa nasi vizuri."

Ngeleja alivaa kofia yake ili asalimiwe akiwa amevaa.

Cornelia akaanza. Safari hii kidole hakikuwa na haraka. Walimu, wapishi, mlinzi. Alipofika kwa Ngeleja na ng'ombe wake, ukurasa ukawa mweupe, maneno mekundu yakatokea katikati. Alinyoosha tu mkono kwenye herufi, akangoja.

"Maharage!" likasema benchi.