Dirisha la Abiria

Mara hii mlinzi wa jengo alisimama tu pembeni ya gari, mikono nyuma, akimtazama Jovitus aliyekaa kiti cha abiria na kuutoa mwavuli dirishani kama mtu anayetaka kutungua ndege. Mara ya kwanza alimfukuza. Mara ya pili alicheka. Leo alionekana kumhurumia.

"Sogea mbele kidogo," Jovitus alimwambia Marijani, kijana wa Dar mwenye kigari cha kubebea mizigo. "Nataka jua lisinipige machoni."

"Kaka, unawinda nini hapa Xiaobei, katikati ya Guangzhou? Njiwa?"

"Nyamaza, niache nipime."

Juu ya kioo kilichoshushwa nusu alikuwa amebana kitu cha chuma, kikubwa kama kiganja. Chini kilikuwa na kibano cha kuuma kioo, kinachokazwa kwa skrubu upande wa ndani, katikati shingo fupi, na juu panda yenye raba, kama ya manati. Dukani kwenye mtaa wa Yide Lu, kwenye ghorofa iliyojaa midoli, walikuwa wakikiuza kuwa ni cha kushikia kamera na darubini. Jovitus alikijua kwa kazi nyingine. Mtu aliyekaa ndani ya gari huulaza mtutu wa bunduki kwenye ile panda, na bunduki hutulia hata kama mkono wa kuishika haupo.

Na mkono ndio uliokosekana. Baba yake mdogo, Cornel, alikuwa mlinzi wa shamba kubwa la mahindi huko Karagwe. Kazi yake ilikuwa kuwazuia nguruwe pori, na kibali cha bunduki ya shamba alikuwa nacho kabla Jovitus hajajua kusoma. Mwaka jana trekta lilimvunja mkono wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini mkono ulikuwa hauinuki tena kupita kifua. Mwenye shamba alimpa hadi mahindi yakomae. Akishindwa kulenga, bunduki itapewa mtu mwingine, naye atakaa nyumbani.

"Nitafutie kitu cha kunishikia mtutu," Cornel alisema kwenye simu. "Alvin ananiendesha kwenye pikapu, mimi nakaa pembeni yake. Kazi ya mkono wa kulia naiweza. Wa kushoto ndio umenisusa."

Basi Jovitus alikitafuta, akakipata, na tangu siku hiyo hakupata raha. Alikuwa mtu wa kununua nguo kwenye soko la Shisanhang na kuzipakia kwa mpango. Kitu kisichokaa sawa kilimnyima usingizi, na hiki kilikataa kabisa kukaa sawa. Kila alipoulaza mwavuli kwenye panda na kujaribu kuupeleka mpini wake begani, kama kitako cha bunduki, mpini ulikosa pa kukaa. Bega lake la kulia lilikuwa limebanana na mlango. Akijipinda, kiuno kiliuma. Akirudi nyuma, kiti kilimzuia.

"Panda iko karibu mno," aliamua. "Ingesogea nje kidogo, kitako kingepata nafasi."

Ndivyo alivyoanza safari za kwa fundi Chen, kwenye kichochoro nyuma ya mtaa wa Dengfeng. Safari ya kwanza Chen aliipasha shingo moto na kuipinda kidogo kuelekea nje. Haikutosha. Safari ya pili aliipinda zaidi, ikatosha kidogo, lakini ikaanza kuyumba. Safari ya tatu akaichomelea kipande cha chuma cha kuishikilia, akaweka miwani yake mezani na kutikisa kichwa.

"Laoban, bosi wangu, tena hapana. Nikiipasha moto tena, inakatika."

"Haitakatika. Ongeza kidogo tu."

"Bu xing," alisema Chen, yaani haiwezekani, na alipolisema neno hilo hapakuwa tena na mjadala.

Jovitus aliondoka amekasirika. Alimkasirikia Chen, kisha kiwanda kilichotengeneza kitu kisichomfaa binadamu yeyote mwenye bega, kisha nguruwe. Na sasa, mwavuli ukiwa mkononi na mlinzi akimtazama, alikiri kwamba hapo kilipofika ndipo mwisho wake. Kitako kilipata nafasi, nafasi ya kujibana, lakini kilipata. Akafungua kibano na kushuka.

Kissa alikuwa akimsubiri kwenye mlango wa mgahawa, na masanduku mawili makubwa. Alikuwa mfanyabiashara wa Mbeya, mara yake ya kwanza kuja Guangzhou, na jioni hiyo alikuwa anapanda ndege kurudi. Alikubali kukibeba kile chuma hadi Dar, na kutoka hapo kingepanda basi la Karagwe.

"Kaka Jovi, hiki ndicho kilichokukondesha?" Alikipokea na kukigeuzageuza. "Mbona kama kimevunjika shingo?"

"Kimetengenezwa hivyo."

"Haya. Wakiniuliza uwanjani nitasema ni cha kukaushia nguo."

Teksi ilisimama. Marijani akapakia masanduku nyuma, yakajaza hadi kiti cha nyuma. Kissa akazunguka mbele, akashika mlango wa kushoto, akaufungua kwa nguvu na kuanza kukaa kwenye mapaja ya dereva.

Dereva alipiga kelele. Kissa naye akapiga kelele. Marijani akajishika tumbo kwa kicheko.

"Jamani, samahani! Samahani!" Kissa alirudi nyuma, uso umemwiva kwa aibu. "Kila siku nakosea. Nyumbani abiria anakaa kushoto, miguu inajipeleka yenyewe!"

Marijani aliendelea kucheka. Jovitus hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya watu, mwavuli mkononi, akiuangalia mlango wa kushoto wa teksi.

"Rudia," alisema.

"Nini?"

"Ulichosema. Abiria anakaa wapi?"

"Kushoto. Kwani wewe kwenu anakaa juu ya boneti?"

Jovitus aliliona pikapu la shamba kana kwamba limeegeshwa pale mbele yake. Alvin kulia, kwenye usukani. Bamdogo kushoto, kwenye dirisha la kushoto. Bega lake la kulia liko huru, mbali na mlango, na bunduki inapita mbele ya kifua bila kugusa kitu. Kile chuma kilikuwa sawa tangu dukani. Yeye ndiye aliyekaa upande usio wake siku zote hizi, kwa kuwa kwenye kigari cha Marijani abiria hukaa kulia, na alikuwa amesahau kwamba kwao abiria hukaa kushoto.

"Kissa, nipe hicho kitu."

"Kaka, ndege!"

"Nipe, nakuomba."

Akamrukia dereva wa teksi kwa maneno, kwamba ashuke kidogo tu, akae yeye upande wa kushoto ajaribu. Dereva alimtazama, akautazama mwavuli, akafunga kioo chake. Marijani akasema kigari chake kipo, lakini Jovitus alikwisha kuona kwamba usukani ungekaa mbele ya kifua chake na kuuzuia mwavuli. Alihitaji kiti cha kushoto kisicho na usukani, na katika mji huu mzima, magari yote haya, hakuna.

"Lile pale," Kissa alisema. "Mbona lile dereva wake kakaa kama kwetu?"

Mbele ya hoteli, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na gari jeusi lenye namba mbili, moja ya China bara na moja ya Hong Kong. Usukani ulikuwa kulia, kama ilivyo Hong Kong. Mwenyewe, mzee mwenye kofia, alikuwa akila tangawizi ya sukari kutoka kwenye mfuko.

Jovitus alivuka barabara. Kichina chake chote cha sokoni kilimpotea, akabaki na "pengyou, pengyou", yaani rafiki, rafiki, mwavuli mkono mmoja na chuma mkono wa pili. Mzee aliacha kutafuna. Kissa akafika nyuma yake, akatabasamu vizuri, akaonyesha kiti cha kushoto, kisha akamwonyesha Jovitus, kisha akagusa kichwa chake mwenyewe kana kwamba anasema mgonjwa ni huyu. Mzee akacheka, akafungua mlango.

Jovitus alikaa. Akabana chuma kwenye kioo. Akaulegeza mkono wa kushoto uanguke kama umekufa, akaulaza mwavuli kwenye panda.

Haukufika. Panda aliyoisogeza nje kwa safari tatu ilikuwa mbali kabisa, na ili kuifikia ilimbidi ajisukume mbele kwa mkono wa kushoto, ule ule aliokusudia usifanye kazi. Akaupiga mlango kwa kiganja. Mzee akasema kitu kwa ukali.

"Samahani, mzee. Samahani."

"Kigeuze," Kissa alisema dirishani. Alikuwa akiangalia saa, si chuma. "Kama shingo imeelekea nje, si ukigeuze kielekee ndani? Twende, kaka."

Jovitus alikifungua. Akakigeuza, mdomo wa kibano ukauma kioo kinyumenyume. Shingo iliyopinda ikaja ndani, panda ikasimama mbele ya kifua chake. Akaulaza mwavuli. Mpini ukaingia begani. Mkono wa kushoto ukabaki pajani, na mwavuli haukutikisika hata kidogo.

Ila skrubu ya kukazia sasa ilikuwa nje ya gari, na aliyeketi ndani hangeweza kuifikia.

Alimpigia Bamdogo hapo hapo, kando ya lile gari, Kissa akimvuta shati. Akamweleza yote, polepole, hata sehemu iliyomwaibisha.

"Kwa hiyo skrubu iko nje," alisema Cornel.

"Iko nje. Alvin itabidi ashuke aikaze kabla hujaweka bunduki."

"Kila usiku nimwombe Alvin ashuke. Nguruwe wakituangalia."

"Ndiyo, Bamdogo."

"Lakini unasema haitikisiki?"

"Haitikisiki. Mkono wa kushoto sikuutumia kabisa."

"Basi Alvin atashuka. Nimemfundisha kuendesha mimi, hawezi kunikatalia skrubu." Akavuta pumzi. "Miaka mingapi uko huko, Jovi?"

"Minane."

"Na mlango wa abiria umeusahau."

Jovitus aliagana naye, akakifungua kile chuma, akamfundisha Kissa namna ya kukigeuza, akamfundisha tena, akamtaka aeleze mwenyewe. Kissa alieleza huku akikimbilia teksi, na safari hii aliingia mlango wa kulia.

Teksi iliondoka. Marijani alikuwa ameshawasha kigari chake.

"Twende kaka, nina mzigo Shisanhang."

Jovitus alizunguka, akashika mlango, akaufungua. Marijani alikuwa amekaa pale, mikono kwenye usukani, akimtazama.

"Sasa unataka kuendesha wewe?"

Jovitus alitukana kimya kimya, akaufunga mlango wa kushoto, akazunguka tena.