Maharage Mepesi ya Dusabe

Jumanne moja ya Januari, saa tatu asubuhi, Agata, mpishi, alifagia depo ya chakula ya shule ya bweni ya wasichana mjini Rumonge, akapaka kuta chokaa, akachukua magunia manane matupu na kamba ya nailoni. Masera Cibalonza, mtawa aliyekuwa mkuu wa shule, alikuwa ameamua kwamba sasa depo itajazwa vyakula vya wakulima wanaotunza udongo, basi.

Agata alijua pa kwenda. Kule Gatete aliishi Dusabe, mjane aliyerudi naye kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Dusabe alikuta shamba la baba yake limeshapata wenyewe wengine, hivyo Asmani, tajiri wa michikichi, akamwazima kipande cha kilima ambacho hata magugu yalikikataa. Kwa miaka saba hakuchoma majani. Alifunika udongo kwa nyasi, akachimba mitaro ya kuzuia maji ya mvua, akachanganya maharage na mahindi, akabeba karai kwa karai samadi ya mbuzi wake wawili. Sasa ukikanyaga pale, mguu ulizama kama kwenye mkate.

Mazao ya shamba hilo yalikuwa mepesi. Muhogo ukishalegezwa ulitoka wenyewe, na ilibidi kuudaka haraka. Magunia ya maharage yalielea usawa wa paa, kila moja limefungiwa jiwe lisipotelee angani.

Espoir, mwenye taksi-velo, alipofungiwa magunia manane nyuma ya baiskeli yake, magurudumu yaliacha barabara.

"Mama Agata, hii mizigo iko inanivuta juu," alisema. "Mimi niko na permi ya kuendesha velo, ya ndege sina."

Sokoni wauza ndagala, dagaa wa ziwani, walishusha miamvuli yao kumpisha. Kwenye depo Agata alitandaza wavu wa uvuvi chini ya dari, maharage yakatulia hapo juu, akawa anayachota kwa ngazi.

Baada ya chakula cha kwanza wasichana walipanda juu kiasi cha shubiri. Kufikia Ijumaa walikwenda darasani kwa kujisukuma ukutani, na mwalimu wa hesabu akaanza kuandika sehemu ya juu ya ubao. Walicheka sana, maana mtu hawezi kupaa bila tumbo kumtekenya. Masera Cibalonza alikula sahani mbili, akabadilisha taa ya bwaloni iliyoungua tangu Noeli.

Siku ya wazazi Asmani alikuja kumwona binti yake. Alikula, akapaa mpaka kichwa kikagusa dari.

"Haya maharage ni ya wapi?" aliuliza kutoka juu.

"Ya Dusabe, kule kwenye kilima chako!" Agata alijibu kwa furaha, naye akielea karibu na dirisha.

Jumatatu Asmani alikwenda Gatete, akachomeka fimbo ardhini, ikazama mpaka kwenye mpini.

"Dusabe, murakoze sana," alishukuru. "Nilikuazima tu. Sasa ninalihitaji shamba langu."

Walifika mbele ya wazee wa kilima, waamuzi wa mashauri ya kijiji. Dusabe hakuwa na karatasi. Agata alitoa ushahidi wa miaka saba.

"Niliazimwa mawe," alisema Dusabe. "Nitamrudishia mawe. Udongo nimeufanya mimi."

Wazee walijadiliana, wakaandika kwamba udongo hautengani na kiwanja.

Agata alimsindikiza kwenye gari la kwenda Kabonga, kwa shemeji yake, pamoja na mbuzi wawili.

"Ni mimi nilimwambia, dada."

"Aliuliza, ukajibu," alisema Dusabe, akapanda bila kugeuka.

Mwezi wa sita maharage ya Asmani yalielea vilevile. Alikuwa ameajiri vibarua, na nyasi hakuzichoma. Masera Cibalonza alisema udongo bado unatunzwa, hivyo Agata akanunua magunia manane.

Mchana wa siku ya kuyapika alijifungia jikoni na sahani yake ya maharage, amekusudia kulia. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili. Tumbo likaanza kumtekenya. Alijishika kwenye meza, meza ikamponyoka, na wasichana bwaloni wakamsikia Mama Agata akicheka peke yake kule juu, machozi yakidondokea kwenye sufuria.