Isale la Mama Hilda

Nyumbani kwa marehemu Hilda ng'ombe hula kabla ya watu. Ndivyo ilivyokuwa mwenyewe akiwa hai, na Elinipendo, binti yake wa pekee, hakuona sababu ya kubadili. Asubuhi ile alijifunga kitenge juu ya sketi, akachukua panga na kamba, akateremka katikati ya migomba kutafuta majani. Pumba zilikuwa zimepanda bei tena, mashudu ndiyo usiseme, na ng'ombe sasa aliishi kwa majani ya kuokoteza na vipande vya mgomba. Maziwa nayo yalitoka kwa kubembelezwa.

Alipofika chini, karibu na barabara, alisimama. Mstari wa masale haukuwepo. Palikuwa na mashimo tu, yamefuatana kutoka kona hadi kona, udongo wake bado mbichi. Masale yenyewe yalikuwa yametupwa pembeni mwa barabara, mizizi juu, kama uchafu wa sokoni.

Mtu wa huku mlimani haulizwi isale ni kitu gani. Ndio ule mmea wa majani marefu membamba unaopandwa kuzunguka kihamba, shamba la urithi la migomba, useme hapa ni kwangu na pale ni kwako. Ndio huohuo ukimkosea mwenzako unaukata, unalifunga jani lake fundo, unamwendea nao mkononi, naye hana namna ya kukunyima msamaha. Wazee husema aliyekataa isale hafi vizuri. Kwa hiyo watu wa Mwika wamegombana kwa ajili ya mipaka, wametukanana, wengine wamefikishana mahakamani hadi wakazeekea huko, lakini kung'oa isale la mtu, hapana. Mkono wa mtu wa hapa haulifanyi hilo.

Na kweli haukulifanya. Waliokuwa wamekaa juu ya rundo wakila maandazi walikuwa vijana watatu wageni, wa kukodi mjini, ambao kwao isale lilikuwa jani tu. Aliyewakodi alisimama karibu yao na simu sikioni: Shedrack, mtoto wa baba yake mdogo, kijana wa kupandisha wageni mlimani, mwenye buti nzuri na koti la kuachiwa na Mzungu.

Elinipendo alimwuliza anafanya nini. Shedrack alikata simu, akamsalimu kwa upole wote, akamweleza kana kwamba anampa habari njema. Amepata tajiri wa kununua kile kipande cha barabarani. Wageni siku hizi wanataka kulala migombani, waonyeshwe kahawa inavyotwangwa, wapigwe picha na mbege, pombe yetu ya ndizi. Patajengwa vibanda vya kulala. Mpaka mpya ulikuwa umeshapimwa. Akamwonyesha vigingi vilivyopakwa chokaa, huko juu, nyuma kabisa ya jiko lake.

"Na mama?" Elinipendo aliuliza.

Kaburi la mama yake lilikuwa hapo kati, chini ya mgomba wa mshare, saruji yake haijapata hata kuvu. Alimwuguza yeye mwenyewe. Aliacha kazi ya kufanya usafi katika hoteli ya mjini Moshi, akarudi kumgeuza kitandani na kumlisha mtori wa ndizi kwa kijiko, wakati Shedrack akipita barabarani na wageni wake bila hata kuchungulia.

"Tutamhamisha kistaarabu, dada. Mchungaji atakuwepo," alisema Shedrack. "Usinione mbaya. Wewe ni wa kuolewa, leo upo, kesho uko kwa watu. Kihamba ni cha ukoo."

Elinipendo aliyatazama yale mashimo. Baba yake, kabla hajafa, aliwatembeza yeye na mama yake kando ya masale yale mbele ya ndugu yake Ebenezeri, baba wa huyu Shedrack, akasema hapa ni pa Hilda na mtoto wake. Hakuandika kitu. Nani aandike mbele ya ndugu yake wa damu? Angeonekana anamwita mwizi. Hilo ndilo kosa la watu wetu: tunaona aibu kuandikishana wakati tunapendana, na tukishachukiana kalamu haipatikani.

Hakurusha matusi wala mawe. Alichagua isale moja katika lile rundo, lenye mizizi mizima, akaifunga mizizi hiyo kwa jani la mgomba na kuikaza kwa ukanda wa kigome, lile ganda kavu la mgomba, mafundo mawili, kama alivyofundishwa na mama yake kufunga miche. Akaenda nalo ofisi ya kijiji. Ng'ombe alimlilia alipopita zizini. Alimwambia angoje kidogo.

Ofisini aliambiwa mtendaji anakunywa chai. Alikaa kwenye benchi la nje na isale lake magotini. Chai ya mtendaji ilikuwa ndefu. Watu walikuja, wakahudumiwa na karani, wakaenda zao, na jua likahama kutoka miguuni pake hadi usoni. Bwana Rogath, mtendaji, alitokea baadaye akijifuta mdomo. Hakuwa mtu mkali. Laiti angekuwa mkali, mtu angejua pa kumshika. Alimwingiza ofisini, akamsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akauliza kama ana karatasi yoyote ya ardhi ile.

"Karatasi yetu ni masale, mtendaji."

"Yako wapi?"

"Yameng'olewa."

"Sasa unaliona tatizo lako," alisema Rogath.

Elinipendo alisema amesikia redioni kwamba mtoto wa kike naye ana haki ya kurithi. Rogath alikubali bila ubishi. Sheria ipo, alisema, na ni nzuri sana, ila sheria haikai kijijini, inakaa mjini, na kuifuata huko kunataka nauli na mtu wa kukuongoza. Cha kufanya kwa sasa ni yeye mtendaji kwenda kupaona kwa macho yake. Tatizo, pikipiki ya ofisi haina mafuta, na mafuta nayo yamepanda, serikali haijaleta.

Mnyonge akiambiwa hivyo hujua anaombwa nini. Elinipendo alifungua pindo la kitenge, akatoa hela ya pumba aliyokuwa akiidunduliza, akaiweka mezani. Rogath hakuigusa mbele yake. Alisema tu kwamba isale aliache hapo ofisini kama kielelezo, litahitajika baraza la kata litakapokaa. Hilo lilimtia moyo kuliko maneno yote. Aliliegemeza ukutani kwa uangalifu, mizizi chini, akatoka akiwa mwepesi kidogo, akijiambia kwamba angalau serikali imelishika jani lake.

Alirudi akakuta vijana wamekwenda na lori limeshamwaga matofali juu ya majani aliyokusudia kuyakata. Alizunguka kwa majirani kuomba majani. Walimpa pole nyingi na majani hakuna, kwa kuwa kiangazi hakikuwa chake peke yake. Wengine walimjibu wakiwa ndani, bila kufungua mlango. Alielewa. Shedrack ndiye aliyewapatia watoto wao kazi ya kubeba mizigo ya wageni.

Jua lilipoanza kulegea alisikia pikipiki. Moyo wake uliruka: mtendaji amekuja kweli. Alitoka mbio hadi uani.

Mtendaji alikuwa amekuja, naam, na nyuma yake alimpakia baba mdogo Ebenezeri, aliyevaa koti lake la ibada. Shedrack alifuata kwa miguu na ndoo ya mbege. Shangazi Tabitha, dada wa baba yake, alikuja wa mwisho na kibuyu cha kunywea, anahema kwa kupanda. Ilikuwa hela ya pumba iliyowaleta, na Elinipendo alilijua hilo tangu pikipiki haijazimwa.

Aliwaamkia wote, shikamoo moja moja, akatoa viti. Ebenezeri hakuketi. Mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma ya mgongo, na alipoutoa ulikuwa na isale. Jani moja lilikuwa limefungwa fundo. Huko chini mizizi ilikuwa imevikwa jani la mgomba, imekazwa kwa kigome, mafundo mawili.

Elinipendo alilitazama fundo lake mwenyewe. Kisha alimtazama mtendaji, na mtendaji akawa anatazama kuku. Kielelezo chake kilikuwa kimerudi nyumbani kumwomba msamaha.

"Mwanangu," alisema Ebenezeri, na sauti yake ilitetemeka, kwani hakuwa mtu mbaya kwa asili, alikuwa mzee tu anayelishwa na mtoto wake. "Huyu ndugu yako amekosea. Alipaswa kukuambia kabla. Nakuja kwako na isale. Pokea, yaishe."

Hakuna aliyesema masale yarudi wala vigingi ving'olewe. Kosa lililoombewa msamaha lilikuwa la kutokuambiwa. La kuporwa halikutajwa, kwa kuwa halikuhesabiwa kosa. Elinipendo alisimama mikono ikiwa imening'inia. Alitaka kulia na hakutaka kulia mbele yao.

Shangazi Tabitha alimsogelea, akamshika kiwiko, akanena polepole kama anayemfundisha mtoto sala. "Isale halikataliwi, Eli. Ukilikataa, wewe ndiye utakayekuwa mkosaji. Hata mvua isiponyesha watasema ni wewe. Ukifa, nani atakuchimbia? Mimi nilipokonywa pangu nikiwa na umri wako. Nilipokea. Si unaniona niko hai?"

Elinipendo alimwona. Alimwona shangazi anayelala kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake, anayekula akishakula kila mtu. Hata hivyo alijua kila neno lililosemwa ni la kweli. Alinyoosha mikono yote miwili, akapokea.

"Umesamehe?" aliuliza Ebenezeri.

"Nimesamehe, baba mdogo."

Pumzi zilishuka. Mtendaji alisema hapo ndipo anapowapendea Wachaga wenzake, mambo yanaishia nyumbani, baraza la kata halina haja ya kusumbuliwa. Shedrack alichota mbege, kibuyu kikaanza kuzunguka, na punde si punde walikuwa wanazungumzia bei ya saruji. Kibuyu kilipomfikia Elinipendo alikipeleka kwa shangazi bila kunywa. Aliingia jikoni. Walidhani amekwenda kuwaletea ndizi.

Alitoka na jembe begani, ndoo ya maji mkono mmoja, isale mkono wa pili. Aliwapita hapo uani, akavipita vile vigingi vyeupe, akalipita kaburi la mama yake, akashuka hadi kwenye mashimo. Alichagua lile la kona, ambapo baba yake alisimama zamani zile akasema hapa. Alifungua kigome, akaondoa jani la mgomba, akatumbukiza mizizi, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Jani lenye fundo hakulifungua.

Walikuwa wamemfuata. Walisimama upande wa juu, Shedrack na kibuyu mkononi.

"Sasa hii ni nini?" alisema Shedrack. "Si umesamehe, dada?"

"Nimesamehe. Mpaka sijautoa."

Mtendaji alikohoa. Alisema huku ni kuleta fujo, jambo limeshamalizika kwa amani mbele ya kiongozi wa serikali. Akamwambia Shedrack aling'oe lile jani waondoke zao, giza linaingia. Shedrack alimpa shangazi kibuyu, akapiga hatua mbili. Alifika, akainama, mkono ukaenda hadi karibu na shina, na pale ukasimama. Lilikuwa isale lililotolewa kwa mkono wa baba yake mwenyewe, limepokewa, limefungwa fundo. Aligeuka kumtazama baba yake. Mzee Ebenezeri alikuwa ametazama chini, kofia mkononi.

"Ling'oe wewe, mtendaji," alisema Shedrack.

Rogath ni mtoto wa palepale Mwika, aliyesomea mjini na kubatizwa mara moja tu, na maji hayo hayakumtoa hofu ya isale. Alitazama saa yake. Alisema hiyo si kazi ya ofisi.

Shedrack alijinyoosha, akapangusa magoti ingawa hayakugusa udongo. "Haina noma," alisema. "Kesho asubuhi nawaleta wale madogo wa mjini. Wao hawana habari na majani."

Wakapanda kurudi uani, na baadaye pikipiki ikasikika ikishuka. Shangazi Tabitha ndiye aliyechelewa. Alitazama isale, kisha akaimwaga mbege iliyobaki kibuyuni hapo chini ya shina, kama wanavyomwagiwa wazee waliotangulia, akaondoka. Kwao walikuwa wanangoja chakula chao cha jioni.

Elinipendo alibaki peke yake. Mwili mzima ulimuuma. Alijua isale moja haliwezi kuzuia lori, na alijua vijana wale watakuja kweli, watakula maandazi yao na kuling'oa kwa mkono mmoja huku wakichekeshana. Hakuwa na wakili, hakuwa na hela hata ya pumba, na aliokuwa nao walikuwa wamekwisha kunywa mbege ya amani yake. Alimimina maji yote yaliyokuwa ndooni, akaigeuza ndoo, akaikalia mbele ya isale, uso barabarani.

Huko juu zizini ng'ombe alianza kulia. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Elinipendo alimsikia vizuri, akafunika masikio kwa kitenge, na hakuinuka.