Msumari wa Ragnfrid

Msumari ule ulikaa ukutani miaka mingi bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Aliupigilia mzee Oddvar, mwenyekiti wa klabu ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, katika kijiji cha Kvernlia, kwa mzaha tu, asubuhi moja baada ya kutazama televisheni. Usiku uliotangulia Ragnfrid Myklebost alikuwa ameshinda medali yake ya pili ya dhahabu, na mwandishi wa habari akamwuliza ataacha lini kushindana. Ragnfrid alikuwa na furaha iliyokwisha kumpanda kichwani, akajibu bila kufikiri.

"Siku nitakayoambiwa 'njia!' nyumbani kwetu Kvernlia, siku hiyo hiyo natundika skii."

Basi Oddvar akachukua nyundo, akapigilia msumari mnene juu ya mlango wa jiko la klabu, akawaambia watu kwamba skii za bingwa zimeshapata pa kulala. Walicheka sana. Kisha wakautundikia kitambaa cha kufutia vikombe, na mambo yakaendelea.

Neno lenyewe ni dogo. Njia ya skii msituni ni mifuo miwili tu iliyochongwa kwenye theluji, na anaenea mtu mmoja. Mwenye kasi akimfikia wa mbele humwambia "Njia!" na wa mbele hutoka pembeni ampishe. Hakuna ugomvi wala hakuna aibu. Kvernlia mtoto hulijua neno hilo kabla hajajua kufunga vifungo vya koti lake. Ragnfrid alikuwa amewaambia wanawake wa kila nchi yenye baridi, nao wakampisha. Yeye nyumbani hakuwahi kuambiwa, na kila Jumapili ya Matawi, siku ya mbio za kijiji, alirudi kwake na zawadi ya mshindi, paja zima la kondoo lililokaushwa. Mapaja hayo yalikuwa yamejaa ghalani mpaka mbwa ameyakinai.

Mwaka huu alikuwa na miaka thelathini na tisa, na majira ya baridi hayakumwendea vizuri. Alimaliza wa tisa, mara wa kumi na nne, mara moja nyuma kabisa huko ambako kamera hazifiki. Makocha wa timu ya taifa walitaka jibu kabla ya Pasaka: miaka miwili zaidi hadi Olimpiki, au basi. Aliwaambia wasubiri mbio za kijiji zipite. Kuacha hakukumtisha. Alichoogopa ni kuacha mapema akajuta, au kung'ang'ania kama mgeni asiyeona kwamba vyombo vimeshaondolewa mezani. Alitaka kujua tu. Na kila aliyemwuliza pale bondeni kwao alimjibu vile vile: "Wewe? Uko vile vile kama zamani!"

Asubuhi ya mbio alimkuta kaka yake Torleiv bandani anapaka skii za bingwa nta ya kuzifanya ziteleze, kama alivyofanya tangu utoto wao.

"Kaka, niambie ukweli. Bado nipo?"

"Upo wapi tena? Si umekalia debe langu la nta?"

"Acha utani, Torleiv."

"Sasa nani wa kukushika humu bondeni? Ng'ombe wa Oddvar?"

Alisema hivyo bila kuinua macho. Ragnfrid alidhani ni kwa sababu ya pasi ya moto ya kuyeyushia nta aliyoishika.

Jua lilikuwa limetoka vizuri, theluji inang'aa. Watu walijipanga msituni na mioto yao midogo, wanachoma soseji, wanamenya machungwa, watoto wanapiga kengele za ng'ombe. Wanawake wote walianza pamoja, na kufikia ziwani Ragnfrid alikuwa ameshatangulia. "Heia, Ragnfrid! Heia!" walipiga kelele. Uko vile vile!

Walipoingia kwenye misonobari alisikia fimbo za kujisukumia nyuma yake. Chwi, chwi, karibu kabisa. Aligeuka kidogo akaona kofia nyekundu. Alikuwa Synneva, binti wa Torleiv, miaka ishirini, miguu mirefu kama ya paa.

Akangoja neno.

Neno halikuja. Walipanda kilima cha kwanza, Ragnfrid akihema kwa nguvu, na nyuma yake hakusikia mtu kuhema. Alisikia mtu akipenga kamasi, tena taratibu, kwa raha zake. Anayekimbia kufa na kupona hana nafasi ya kupenga kamasi! Ragnfrid akapunguza mwendo. Chwi chwi ya nyuma nayo ikapungua. Akaongeza, ikaongezeka. Mwishowe akasimama kabisa, akainama kujifanya anarekebisha kiatu. Nyuma yake Synneva akasimama, akainama vile vile.

"Wewe una nini?" Ragnfrid aliuliza.

"Kamba ya kiatu, shangazi."

"Viatu hivyo vina zipu."

Synneva akaitazama zipu yake kana kwamba ameletewa habari mpya.

"Synneva, kwa nini husemi?"

"Nisemeje?"

"Usinichezee. Sema njia."

"Siwezi."

"Mdomo umeganda?"

"Shangazi, nikisema utatundika! Bonde zima litanila nyama. Nitakuwa yule msichana aliyemmaliza Ragnfrid. Hata mikate ya mdalasini hawatanipa tena."

"Nani amekukataza?"

"Hakuna aliyenikataza. Ni wote tu." Akachora theluji kwa ncha ya fimbo. "Mwaka jana baba alizipaka skii zangu nta mbaya. Makusudi. Theluji ilinigandia chini ya miguu kama unga wa maandazi, nikalia njia nzima."

"Kwa hiyo mwaka jana ungenipita."

"Labda."

"Na mwaka juzi?"

"Mwaka juzi nilianguka."

"Ulianguka wapi?"

"Mahali," alisema Synneva, akawa mwekundu kama kofia yake.

Wakati huo Gunnlaug, anayegawa barua kijijini, akatokea kwenye kona kwa kasi nzuri sana. Alipowaona akapiga breki. "Endeleeni tu, jamani," alisema, "mimi napumzika." Nyuma yake akafika mwingine, akasimama. Kisha wa tatu. Punde kukawa na foleni ya wanawake wa Kvernlia katikati ya msitu, wote wamevaa namba za mashindano, wote wanatazama juu ya miti kama wanatafuta ndege, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kulitamka lile neno.

Hasira zilimpanda Ragnfrid mpaka masikioni. Kumbe walikuwa wamemvika kilemba cha ukoka, wote, na kaka yake mwenyewe ndiye aliyekifunga! Mapaja yote yale ya kondoo! Alifungua mdomo awatukane, akamwona Gunnlaug anajifanya kufuta miwani ya jua kwa glavu iliyolowa, na badala ya tusi kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Na katikati ya kicheko akajikuta mwepesi kuliko alivyokuwa majira yote ya baridi. Jibu alilolitafuta kwa makocha na kwa madaktari lilikuwa limesimama mbele yake na zipu.

"Sikilizeni, ninyi wapole," alisema. "Nimewaambia watu neno hilo maisha yangu yote. Ni kumwambia mtu nimekuona, nakuja. Usiponiambia umeniacha msituni peke yangu. Mmeniacha peke yangu miaka miwili, na mimi sikupenda."

Akazishika fimbo zake.

"Sasa naondoka, na naondoka kwa nguvu zangu zote. Synneva, ukinifikia ukanyamaza, Pasaka siji kwenu."

Akaruka. Alikimbia siku hiyo kama hana kesho, na kweli alijua hana. Kilima cha pili alikipanda akiuma meno. Mteremko wa mtoni aliushuka amejikunja kama yai. Nyuma yake zile fimbo zilipotea, zikarudi, zikakaribia, na mara hii alisikia na mtu akihema. Hapo alifurahi sana.

Katikati ya kilima cha mwisho ikaja sauti ndogo, iliyokatika.

"Njia."

"Sijasikia!"

"Njiaaa, shangazi! Njia!"

Msitu mzima ulisikia. Ragnfrid akatoa mguu wa kulia kwenye mfuo, kisha wa kushoto, akasimama kwenye theluji laini ya pembeni. Kofia nyekundu ikapita, machozi na jasho vimechanganyika usoni. Ragnfrid alisikia kitu kikimkatika kifuani, na kilipokatika hakikuuma.

"Heia, Synneva!" alipiga kelele, kisha akarudi kwenye mifuo, akamfuata.

Sasa alikuwa na mtu wa kumfukuza! Miaka mingapi hakuwa na mtu wa kumfukuza katika theluji hii! Alimkaribia kwenye tambarare ya klabu, bendera zinaonekana, ncha za skii zake zinataka kugusa visigino vya msichana.

"Njia!" Ragnfrid akanguruma.

"Mita za mwisho hakuna kupisha!" Synneva akajibu bila kugeuka. "Ulinifundisha mwenyewe!"

Na hakupisha. Alivuka mstari mbele kwa urefu wa skii moja.

Kengele zilinyamaza. Mzee Oddvar alikuwa na soseji karibu na mdomo, nayo ikabaki hapo hapo. Watu walimtazama Ragnfrid, aliyekuwa amelala chali kwenye theluji, na ilichukua muda kuelewa kwamba sauti inayomtoka ni ya kicheko. Torleiv akaja mbio.

"Dada, pole. Labda ile nta..."

"Ukitaja nta nitakupaka wewe, kuanzia kichwani."

Akainuka, akazibeba skii zake mpaka ndani ya klabu, umati unamfuata. Alikiondoa kitambaa cha vikombe, akamkabidhi Oddvar. Akazifunga skii pamoja kwa kamba, akazitundika. Msumari ulishika vizuri. Alizitazama, na hapo ndipo alipolia, kwa sababu alizipenda, na kwa sababu alijua. Gunnlaug akalia pia, kisha Torleiv, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Hiki sasa nikiweke wapi?" Oddvar aliuliza, ameshika kitambaa.

Wakaanza kucheka tena, kahawa ikamiminwa, mikate ya mdalasini na jibini ya kahawia vikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyemnyima Synneva. Alikuja na paja la kondoo begani, akasimama mbele ya benchi alilokalia shangazi yake, asijue pa kuanzia.

"Shangazi, nisamehe."

"Kesho unatoka saa ngapi mazoezini?"

"Saa tatu. Lakini wewe si umeshatundika?"

"Nilisema nitatundika skii. Sikusema zote. Chumbani chini zimejaa, hata pa kupita hakuna." Ragnfrid akanywa kahawa yake. "Kushindana nimeacha, hilo nitawapigia simu leo. Kesho natembea tu. Na ukinikuta mbele yako utasemaje?"

"Njia," alisema Synneva, mdomo umejaa mkate, na shangazi yake akasogea kwenye benchi ampishe akae.